Nani Ainuke Ili Nifikie Jeki?

Tairi la nyuma kushoto lilipasuka tukiwa tumeshaanza kuupanda mlima Kitonga. Mume wangu alilisogeza gari polepole mpaka kwenye kipande kipana kidogo baada ya kona, akazima injini. Malori yalikuwa yanapanda nyuma yetu kwa gia nzito, mengine yanashuka, na hewa yote ilinuka breki. Ndani ya Hiace yetu, gari tunalolala humo tukiwa safarini, mlikuwa na kila kitu ambacho dereva anapaswa kuwa nacho: jeki, spana ya magurudumu, chuma cha kushushia tairi la akiba, pembetatu za kuonya, mtungi wa kuzimia moto.

Vyote vilikuwa chini ya benchi la nyuma.

Juu ya benchi alikuwa amekaa mama mkwe, goti limemvimba kwa safari. Kando yake binti yetu amelala, mkanda kifuani. Benchi lile lilikuwa linafunguliwa kwa juu tu: unainua mto, unainua ubao, ndipo unaingiza mkono gizani. Kwa hiyo mama akashushwa. Mtoto akaamshwa, akalia. Wakasimama wawili hao ukingoni mwa barabara, bibi kamshika mjukuu mkono, huku mimi natoa mto, natoa blanketi, natoa mfuko wa viatu, naitafuta pembetatu. Mume wangu hakuningoja. Alivunja matawi ya miti akayapanga barabarani nyuma ya gari, kama madereva wa nchi hii wanavyofanya siku zote.

Matawi yalitangulia pembetatu.

Hatukudhurika. Lori lililokuwa linaelekea Tunduma likasimama mbele yetu, utingo akashuka. "Poleni sana, mama," alimwambia mama mkwe kwanza, kabla hajatutazama sisi. Kisha akaenda kwenye sanduku la chuma lililofungwa ubavuni mwa tela, akafungua kufuli, akatoa jeki kubwa na magogo mawili ya kuzuia magurudumu. Hakupanda popote. Hakumwondoa mtu. Hakuhamisha mzigo. Sanduku la pili, hatua chache kutoka la kwanza, lilikuwa jiko lao: sufuria, unga, dumu la maji, na mlango wake ulishuka ukawa meza.

Jioni ile tulilala Iringa, sote salama. Lakini sanduku la utingo lilibaki kichwani mwangu wiki baada ya wiki. Nilikuwa nikiosha vyombo naliona. Nilikuwa nikimfunga mtoto viatu naliona.

## Nafasi ilikuwepo

Watu wengi wakisikia tuna gari la kulala huuliza swali moja: mnaweka wapi vitu? Nami nilikuwa na jibu la haraka, la kujivunia. Hiace ndefu yenye paa la juu ina takribani mita 3 na nusu kutoka mgongo wa kiti cha dereva hadi mlango wa nyuma. Upana wake ndani unakaribia mita 1.7. Injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo hakuna pua inayokula urefu wa gari. Karibu kila sentimita iliyobaki ni yako.

Gari tulilinunua likiwa limeshatengenezwa kitanda. Mwenyewe wa kwanza alijenga benchi lenye mikanda, na nyuma yake jukwaa la mbao mpaka mlango wa nyuma. Usiku mgongo wa benchi unalazwa, unaungana na jukwaa, mnapata kitanda. Chini ya vyote hivyo kuna uvungu mmoja mrefu. Niliupima: kimo sentimita 40, upana mita 1.6, urefu mita 1.9. Ukizidisha unapata lita zipatazo 1,200. Ni madumu 60 ya lita 20. Hata ukitoa sehemu inayoliwa na matao ya magurudumu, hiyo ni stoo ambayo vyumba vingi vya kupanga havina.

Nafasi ilikuwepo, tena nyingi. Njia ya kuifikia ndiyo haikuwepo.

Hapo ndipo mawazo yangu yalipoanza kugeuka. Nilikuwa napima stoo ya gari kwa lita, kumbe kipimo kinachonihusu ni watu. Kila kitu kilichomo ndani ya gari nikakiuliza swali lile lile: nani lazima ainuke ili nikifikie hiki? Nikapita kwenye daftari langu la vitu, kimoja kimoja. Birika la chai: mama ainuke. Dawa za mtoto: mtoto ainuke. Nguo ya mvua: wote wainuke, tena mvua ikinyesha. Jeki mnaijua.

Karatasi ile ilinitia simanzi kidogo. Niliona kwamba katika gari letu, mtu anayesumbuliwa kwa kila jambo ni yule aliye mdogo au aliye mzee, kwa sababu hao ndio wanaokaa au kulala muda mrefu zaidi. Nilitaka hilo liishe.

## Fundi na makabati

Fundi wetu seremala yuko Kihonda, mtu makini, ana mkono mzuri. Nilimpelekea gari nikamweleza. Akalizunguka, akaingia, akatoka, akachora. Mchoro wake ulikuwa makabati ya juu pande zote mbili, kutoka mbele hadi nyuma, yenye milango myeupe na vishikio vya kung'aa, kama yale ya kwenye picha za magari ya Ulaya.

Yalikuwa mazuri. Nakiri macho yalinivuta.

Kuhusu uvungu, fundi alinijibu kwa methali: "Dada, mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Nikamwambia, "Fundi, kuinama sikatai. Ninachokataa ni kumwinua mama."

Akacheka, akakuna kidevu, akaniambia niache mchoro ukae siku kadhaa. Nikaenda nao nyumbani nikakaa na kikokotoo. Ubao mmoja wa MDF wa milimita 18, ule wa futi 8 kwa 4, una uzito wa kilo kama 40. Plaiwudi ya milimita 9 ya ukubwa huo huo ni kama kilo 15. Makabati ya fundi yangekula mbao kadhaa, na uzito wote huo ungekuwa juu, usawa wa vichwa vyetu, kabla hatujaweka hata kijiko. Gari ambalo tayari ni refu na jembamba ungeliongezea kichwa. Kwenye kona za Kitonga, au ukikwepa pikipiki ghafla pale Mikumi, kichwa kizito ndicho kinacholilaza gari.

Halafu kuna suala la kusimama ghafla. Chukua gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ligonge kitu lisimame ndani ya nusu mita. Kila kilo moja iliyomo ndani itaendelea mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu kilo 20. Sufuria ya chuma ya kilo 3 kwenye kabati la juu, komeo likifyatuka, humfikia aliyekaa mbele kama mfuko wa saruji na zaidi. Nikimwangalia binti yangu kwenye benchi, na nikitazama mahali mchoro unapoonyesha "kabati la vyombo", nilikunja karatasi.

Na barabara zetu. Anayeishi kwenye lami anaweza kukaza skrubu kwenye MDF akaisahau. Pita na gari hilo kwenye rafu rodi yenye vijituta vya mfululizo, vile vinavyotetemesha mpaka meno, kwa saa mbili tu, kisha rudi uzikague skrubu zako. MDF ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Skrubu ikishacheza, tundu linapanuka na halishiki tena. Ikiingia maji, inavimba. Sidhani kama ni kosa la mafundi wa Ulaya. Wametengeneza kwa ajili ya barabara zao.

Mume wangu hakukubaliana nami moja kwa moja. Yeye aliona naogopa kupita kiasi, na kwamba bolti zenye nati za kujikaza zingeshika. Tulibishana, tukaacha, tukabishana tena.

## Jikoni Pangani

Tulipomrudisha mama Pangani tulikaa siku chache. Nilikuwa nimeshaingia jikoni kwake mara nyingi, lakini safari hii niliingia na lile swali langu.

Jiko la mama ni chumba kidogo cha udongo nje ya nyumba kubwa. Hakuna kabati hata moja. Juu ya mafiga kuna uchaga, na juu ya uchaga kuna mahindi ya mbegu na kunde, vinapata moshi ili wadudu wasiviharibu. Kwenye boriti imening'inia susu ya kamba za mnazi, na ndani ya susu mna chungu cha mchuzi wa jana, paka asikifikie. Nje kuna kichanja cha vyombo, sahani zinakauka juani. Ukutani mmeshindiliwa vigingi: ungo, kifumbu, mbuzi ya nazi. Na chumbani kwake, miguuni mwa kitanda, liko kasha lake la njumu lenye vidroo vitatu chini, alilolikuta kwa mama yake.

Nikamuuliza, "Mama, ulipangaje kipi kikae wapi?"

Aliniangalia kama niliyeuliza jambo ambalo haliulizwi. Kisha akasema, "Mwanangu, cha leo kinaning'inia. Cha msimu kiko juu ya uchaga. Cha wageni kiko kwenye kasha. Cha siri kiko kwenye kasha chini. Sasa wewe unataka nini kingine?"

Sikutaka kingine.

Nilikuwa nimezunguka na picha za magari ya Wajerumani na Wajapani, na kumbe mama alikuwa na mpangilio kamili ambao unatumia muda: kitu kinatakiwa lini? Anayekitaka kila saa hakiweki mbali na mkono. Anayekitaka mara moja kwa mwaka hakiachi kikamkwaza kila siku. Kasha lenyewe lilikuwa fanicha ya safari kabla halijawa pambo la sebule. Makasha ya namna ile yalisafiri kwenye majahazi kati ya Uarabuni, India na pwani yetu. Baharia alilikalia, alilitumia kuwekea mali yake, akishuka nchi kavu akashuka nalo. Droo zake za chini zinafunguka kwa mbele, kwa hiyo hulazimiki kufungua mfuniko wa juu na kuondoa kilichowekwa juu yake.

Zinafunguka kwa mbele!

Nilisimama mbele ya kasha la mama mkwe wangu nikaona benchi la Hiace.

## Gari lenye kazi katikati ya wiki

Kulikuwa na kikwazo kingine ambacho wanaochora magari ya kulala hawakizungumzii, au labda hakiwahusu. Gari letu linafanya kazi. Katikati ya wiki linabeba mchele na maharage kutoka sokoni hadi dukani, na mara mojamoja linakodiwa kuhamisha vyombo vya watu. Kuwa na gari la kutembelea tu, lililosimama uani wiki nzima likisubiri likizo, ni jambo ambalo sisi hatuliwezi, na hata tungeliweza sidhani ningelitaka.

Kwa hiyo chochote kilichofungwa moja kwa moja ndani ya gari kinakula mkate wetu wa Jumanne.

Hapa ndipo nilipokutana na historia iliyonipa moyo. Volkswagen walianza kutengeneza Transporter mwaka 1950, gari la mafundi na wenye maduka wa Ujerumani iliyokuwa inajijenga upya baada ya vita. Mwaka uliofuata, 1951, kiwanda cha Westfalia kikatoa kitu walichokiita Camping Box. Halikuwa gari. Lilikuwa sanduku la samani: ukilitia ndani ya Transporter siku ya Ijumaa unapata mahali pa kulala na kupikia, ukilitoa Jumatatu unarudi kubeba mizigo. Yale magari yenye kila kitu kimejengwa humo humo, yanayosifiwa leo, yalikuja kushamiri baadaye. Mwanzo wa yote ni sanduku la mtu mwenye kazi.

Nilimsomea mume wangu habari hiyo. Yeye ndiye aliyesema, "Basi tunatengeneza makasha." Ubishi wa makabati ukaishia pale.

## Milango mitatu

Tulirudi kwa fundi bila mchoro. Tulimpa orodha ya milango. Hiace ina mlango wa nyuma unaoinuka juu, mlango wa kusukuma ubavuni, na kuna mlango wa tatu ambao si mlango wa bati: ni ile nafasi ya mkono wa mtu aliyelala usiku hataki kuwasha taa. Kila kitu kikapewa mlango wake.

Mlango wa nyuma ni wa vitu vya nje. Fundi aling'oa ubao uliokuwa umeziba uvungu kwa nyuma. Ilikuwa kazi ndogo kuliko zote, na ndiyo iliyobadilisha maisha yetu kuliko zote. Uvungu wa nyuma ukagawanywa sehemu mbili kwa ubao wa kusimama. Upande wa kulia ni kasha refu linaloteleza: jeki, spana, chuma cha tairi, pembetatu, kamba, koleo, vyote kwenye kasha moja lisilozidi kimo cha uvungu. Ukifungua mlango unalivuta. Pembetatu ziko juu kabisa ya vingine, zimebanwa na ukanda wa mpira, na mtungi wa kuzimia moto uko kwenye kishikio chake karibu na mlango wa ubavu ambapo yeyote anaufikia. Upande wa kushoto ni jiko: kasha ambalo uso wake unashuka kuwa meza, kama lile la utingo, na mlango wa nyuma ulioinuka unakuwa kivuli cha mpishi.

Gesi ilinichukua muda zaidi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatoka dirishani. Inashuka, inajaza uvungu, inakungoja na kiberiti chako. Mtungi wa kilo 6 chini ya kitanda cha mtoto, ndani ya boksi lisilo na tundu, ni jambo ambalo ningependa mtu yeyote anayesoma hapa alibadilishe kesho asubuhi. Wetu una kikasha chake peke yake pale nyuma, kimezibwa kabisa upande wa ndani, na sakafu yake imetobolewa ili gesi ikivuja imwagikie nje chini ya gari. Tukilala, mtungi unashushwa.

Mlango wa ubavu ni wa vitu vya safari: maji, matunda, dawa, nguo ya mvua, kanga mbili za akiba, karatasi za chooni. Mtu anasimama nje, anafungua, anachukua. Madumu mawili ya maji, ya lita 20 kila moja, yamekaa sakafuni nyuma ya kiti cha dereva, yamefungwa kwa mikanda ya kukaza. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hizo ni kilo 40, na nilitaka zikae katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, chini. Mzigo mzito ukirundikwa nyuma ya ekseli ya nyuma, pua ya gari inakuwa nyepesi na usukani unaanza kuelea. Wabeba magunia wanalijua hilo bila kikokotoo. Angalia wanavyopanga magunia kwenye Canter.

Chini ya viti vya mbele hatukuweka kitu. Pana joto la injini pale.

Mlango wa usiku ndio nilioupenda kuutengeneza kwa mikono yangu. Nilishona vifuko vya turubai kwenye ukuta, usawa wa mto: tochi, miwani ya mama, chupa ndogo ya maji, dawa ya mbu. Na juu, ambako fundi alitaka kabati, tukatundika susu. Nilimwomba mama mkwe aisuke, akaisuka kwa siku mbili akiwa barazani. Inabeba mkate, ndizi, vitunguu, sweta. Vitu ambavyo vikimwangukia mtoto kichwani atacheka.

Sasa benchi. Fundi alikata uso wa mbele wa benchi, akatia droo tatu zinazofunguka kuelekea kwenye miguu ya aliyekaa, kila moja na komeo la kuzungusha ili isifunguke kwenye tuta. Mama anaweza kukaa, akainama kidogo, akachukua khanga yake mwenyewe. Halafu fundi akaniuliza, "Na huku nyuma ya droo, kuna nafasi imebaki. Tuizibe?"

Nafasi ile ilikuwa bado inafunguliwa kwa juu tu, kwa kumwinua mtu. Nilikuwa karibu kusema ndiyo. Kisha likanijia wazo lililokuwa linanitia hofu tangu tulipong'oa ubao wa nyuma: tumerahisisha kila kitu, na tumemrahisishia mwizi pia. Anayefungua mlango wa nyuma sasa anaona jeki, jiko, kila kitu mkononi. Tukisimama stendi au sokoni, komeo moja tu linatutenga naye.

Cha siri kiko kwenye kasha chini, alisema mama.

Hatukuiziba. Humo sasa mnakaa kadi ya gari, pasi za kusafiria, fedha za dharura, simu ya akiba. Ili uvifikie lazima mama mkwe ainuke, na mama mkwe haamshwi na mtu asiyemjua. Ile shida niliyoichukia Kitonga, mahali pake sahihi palikuwepo. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia droo.

## Yanayotoka na yanayobaki

Makasha yote yameshikwa sakafuni kwa bolti zinazoingia kwenye matundu yale yale yaliyokuwa yameshika viti vya abiria zamani. Hatukutoboa bati jipya zaidi ya matundu ya gesi. Mume wangu na kijana wa dukani wanayatoa yote kabla chai haijachemka, wanayapanga ukutani uani, gari linaenda sokoni tupu. Benchi linabaki kwa sababu ya mikanda yake.

Tulitumia plaiwudi ya milimita 9 kwa sehemu nyingi na 12 pale panapokaliwa, na viungo vimetiwa gundi pamoja na bolti. Fundi hakupenda mwanzoni. Aliona nyembamba, aliona aibu ya jina lake. Nilimwelewa. Kazi ya fundi inatazamwa kwa unene wa mbao. Nilimwomba akalie kasha tupu, akakaa, akajitikisa, akakubali.

Nguo ziko kwenye vikapu vya ukili, kila mtu na chake. Kikapu hakigongi ukuta, hakipigi kelele, kikiwa kitupu kinakunjwa, na kinaingia kwenye pembe ambazo boksi la plastiki linaziacha. Nilijaribu kreti zile za kubebea mkate nikazirudisha. Ziliimba njia nzima.

Vikapu vina udhaifu mmoja, vumbi, na hapa sitaki kumdanganya mtu. Gari lenye mgongo wa kunyooka kama Hiace likikimbia kwenye barabara ya vumbi huacha ombwe nyuma yake, na ombwe hilo huvuta vumbi na kulisukuma ndani kupitia mpira uliochakaa wa mlango wa nyuma. Sisi tuliing'oa mipira yote ya zamani tukatia mipya. Barabarani tunafunga madirisha ya nyuma na kuwasha feni ya mbele ivute hewa ya nje, ili ndani kuwe na msukumo kidogo unaolisukuma vumbi lirudi lilikotoka. Inasaidia sana. Lakini ile njia ya Mto wa Mbu kwenda Engaruka na Ziwa Natron, ambako unakanyaga majivu ya Ol Doinyo Lengai, mlima uliotapika mara ya mwisho kwa nguvu kati ya 2007 na 2008, hiyo haina mpira. Majivu yale ni laini kuliko unga wa sembe. Kwa njia kama hiyo nguo zinaingia kwenye ndoo za lita 20 zenye mifuniko ya kubana, na vikapu vinabaki nyumbani.

## Keria

Kilichobaki ni ubishi wa keria. Mume wangu anataka tuweke keria juu ya paa. Hoja zake ni nzuri: mahema ya wageni, viti vya kukunja, mkaa, tairi la pili la akiba tunapokwenda mbali. Anasema paa limelala pale bure, eneo kubwa kuliko kitanda chetu.

Mimi nasema paa ni mahali ambapo ili ufikie kitu lazima wewe mwenyewe upande, na mama hawezi kupanda, wala binti yetu kwa miaka mingi ijayo. Kitu tukikiweka juu, tumekiondoa mikononi mwa nusu ya familia. Na ni uzito ule ule wa makabati, ila umepanda zaidi. Viti vya kukunja nimeshavipatia nafasi, bapa, nyuma ya mgongo wa benchi. Mkaa hatuuhitaji tukiwa na gesi. Tairi la pili ndilo linaloniyumbisha, kwa sababu namkumbuka mama amesimama kwenye ule ukingo, na najua kuna barabara ambazo tairi moja la akiba halitoshi.

Fundi wa kuchomelea ametupa bei ya keria fupi, ya nyuma tu, inayobeba tairi moja na kitu kingine chochote hakienei. Nimeomba aipunguze kimo iwe karibu na bati kadiri inavyowezekana. Mume wangu anataka iongezwe urefu. Jumamosi tunakwenda wote wawili, na mama mkwe amesema naye anakuja kuiona kabla haijachomelewa.